Sura ya Saba: Inauzwa Pamoja na Wanyama Wake

Mwaka haupiti bila simu mbili tatu za namna hii. Dalali hujitambulisha, huniuliza hali, huuliza na watoto, kisha huingia kwenye shughuli: ana ranchi Lamu bara, ekari elfu kadhaa, hati safi, mnunuzi yuko tayari, kilichobaki ni mtaalamu wa wanyama aje atie neno lake. Halafu hutuma tangazo. La mwisho nililopokea liliahidi ranchi ya uwindaji iliyoendelezwa kwa ajili ya wanyamapori wa asili, maji ya mwaka mzima, kiwanja cha ndege ndogo, bei maelewano. Juu ya maneno hayo palikuwa na picha ya swala mwenye mstari mweusi ubavuni, karuka, kwato zote nne ziko hewani.

Swala huyo ni springbok. Kwao ni Afrika Kusini, Namibia, Botswana na Angola. Wa asili, sawa, ila si wa hapa.

Sura hii haikuwamo katika mpango wa kitabu. Nimeiandika kwa kuchoka kurudia maneno yaleyale kwenye simu, na safari hii nataka niyaseme kwa mpangilio: kwanza uwindaji, pili mnyama ni mali ya nani, tatu ardhi ni mali ya nani, na nne hiyo "kuendelezwa" ambayo kila tangazo linajivunia. Kurasa mbili kwa kila jambo, kisha tuendelee na sura ya mikoko.

Tuanze na jepesi. Kuwinda kwa burudani ni marufuku nchini Kenya. Si kwamba leseni ni ghali, wala si kwamba inatolewa na ofisi fulani Nairobi ambayo lazima ujuane na mtu. Leseni hiyo haipo. Serikali ilifunga uwindaji Mei 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya pembe, ngozi na vikorokoro vyote vilivyotengenezwa kwa viungo vya wanyama, zikiwamo zile bangili za singa za ndovu zilizokuwa zikiwekwa kwenye madirisha ya maduka ya watalii. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, ilirudia katazo hilo na kuliwekea adhabu. Anayewinda kwa starehe, anayewinda kwa kitoweo na anayeuza nyama ya porini, wote watatu wametajwa humo.

Hapo ndipo mtu huniambia, "Lakini Tanzania wanawinda." Wanawinda, ndiyo. Tanzania ina vitalu vya uwindaji, ina mamlaka inayovigawa, ina sheria yake ya 2009 na kanuni zake za ranchi na mashamba ya wanyamapori. Hata wao walifunga mwaka 1973 wakafungua tena 1978, yaani walikuwa wakifungua wakati Kenya ndiyo kwanza imetia kufuli. Nchi mbili jirani ziliangalia tatizo moja zikachukua njia mbili, na ubishi wa nani alipatia haujaisha mpaka leo. Lakini ubishi huo haumsaidii mtu aliyenunua ardhi upande wa huku wa mpaka.

Mwingine atakumbusha kwamba mikahawa ya Nairobi iliwahi kuchoma nyama ya pundamilia na kongoni mchana kweupe. Ni kweli pia. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi 2003, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, liliruhusu baadhi ya ranchi kuvuna idadi maalumu ya wanyama na kuuza nyama. Mpango huo ulisitishwa. Na hata ulipokuwapo, aliyepiga risasi alikuwa mfanyakazi mwenye orodha mkononi. Mgeni anayelipa ili akapige picha na mzoga hakuwamo kabisa. Kuvuna na kuwinda ni mambo mawili, hata kama mnyama haoni tofauti.

Ranchi ya uwindaji ya kweli iliwahi kuwapo pwani yetu, na nadhani ndiyo inayozunguka vichwani mwa watu bila wao kujua. Iko Galana, kusini-magharibi ya Lamu, nyuma ya Malindi, imepakana na Tsavo Mashariki. Katikati ya miaka ya 1950 askari wa wanyamapori waliwasaka Waata, wawindaji wa ndovu kwa upinde mrefu na mshale wa sumu, wakawajaza gerezani. Baadaye mtu fulani mwenye akili akauliza: hawa watu wakitoka jela watakula nini? Ndipo ukaanza, mwaka 1960, mpango wa Waata kuwinda ndovu kihalali kandokando ya mto Galana, kwa usimamizi, na nyama na pembe kuuzwa. Mpango haukudumu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 eneo hilo, ekari kama milioni moja na nusu, lilikodishwa kwa kampuni ya binafsi iliyofuga ng'ombe, ikapokea wawindaji wa kulipa, na hata ikawa na choroa waliochungwa na kulazwa zizini kama ng'ombe, watafiti wakipima maji wanayokunywa. Kisha ikaja Mei 1977. Nguzo moja ya biashara ikang'oka kwa tangazo moja la serikali. Ng'ombe waliendelea kwa miaka, lakini mwishowe ardhi ilirudi serikalini, na leo ukitaja Galana-Kulalu watu wanafikiria mahindi na mifereji ya umwagiliaji ya mwaka 2014. Kwa hiyo anayekuuzia ranchi ya kuwindia pwani ya Kenya anakuuzia mwaka 1976.

Jambo la pili. Mnunuzi wa safari hii alikuwa kijana wa Kenya aliyeishi Texas miaka mingi akiendesha malori, akaweka akiba, akataka kurudi nyumbani na kitu cha heshima. Huko alikuwa ameona mashamba yenye uzio mrefu, mapipa ya kumwagia kulungu mahindi na vibanda vya kuvizia juu ya nguzo. Akaniambia, "Mwalimu, kule mtu anamiliki kulungu wake." Nikamsahihisha kwa upole. Hata Texas kulungu wa asili ni mali ya umma wa jimbo. Mwenye shamba anachouza ni ruhusa ya kuingia kwake. Anaoweza kuwamiliki ni wale walioletwa kutoka mabara mengine. Afrika Kusini ndiyo waliokwenda mbali zaidi: kwa sheria yao ya 1991, mwenye ardhi iliyozungushiwa uzio unaokubalika anabaki na haki ya mnyama wake hata akitoroka. Lugha ya matangazo yetu imetoka huko, pamoja na picha ya springbok.

Kenya si hivyo. Mnyama wa porini ni wa taifa, awe Nairobi National Park au nyuma ya jiko lako. Ukinunua ekari elfu kumi zenye twiga mia, umenunua ekari elfu kumi. Twiga umewakaribisha. Ndiyo maana mtu akiuawa na nyati, sheria inaitaka serikali kulipa fidia ya shilingi milioni tano, na kwa ulemavu wa kudumu milioni tatu. Kama nyati angekuwa wako, bili hiyo ungeletewa wewe. Kila nikifika hapa dalali hunyamaza kidogo.

Sitaki mtu aelewe kwamba wenyeji hawana neno juu ya wanyama. Wanalo, na kuna kesi. Kaskazini ya Lamu, huko Ijara, anaishi hirola, swala ambaye dunia nzima hayupo porini isipokuwa kipande hiki cha Kenya na pengine ng'ambo ya mpaka Somalia, pamoja na kikundi kilichopelekwa Tsavo. Miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya elfu kumi; sotoka ya miaka ya 1980, ukame na ujangili viliwamaliza mpaka sasa hawafiki 500. Mwaka 1996 KWS ilipokuja kuwakamata ili kuwaongeza walio Tsavo, wenyeji walikwenda Mahakama Kuu kuzuia, na jaji akakubaliana nao kwamba kazi ya shirika ni kumhifadhi mnyama katika mazingira yake. Hapakuwa na hata mmoja kati yao mwenye hati ya kumiliki hirola. Walichosema ni kwamba mnyama huyu ni wa kwao, na mtu wa pwani anaijua tofauti ya "wangu" na "wa kwetu".

Ardhi nitaipitia mbio, maana wanasheria wameandika vitabu. Kwanza, visiwani hakuna ranchi. Amu, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu zina punda, mbuzi, mashamba ya minazi na mahoteli. Tangazo likionyesha jahazi na machweo halafu likataja nyati, ujue ardhi yenyewe iko bara, ng'ambo ya Mokowe, na pengine mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka kwenye maji ya chumvi. Pili, neno "ranchi" Lamu lina maana yake: ardhi ya mifugo iliyopewa kampuni au ushirika. Kuwa na wanyamapori ndani yake ni jambo lililotokea lenyewe. Tatu, Katiba ya 2010, kifungu cha 65, haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa kukodi, na si zaidi ya miaka 99. Na kampuni inahesabiwa kuwa ya raia pale tu inapomilikiwa na raia watupu. Nne, muulize dalali hati ilitolewa lini. Julai 2014, wiki chache baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufutwa kwa hati za ekari zipatazo 500,000 za Lamu zilizokuwa zimegawiwa kampuni 22 katika miaka ya 2011 na 2012. Nusu milioni ya ekari, zote zilikuwa na karatasi. Na hatukuanza jana: Aprili 1885 ndugu wawili Wajerumani, Denhardt, walinunua maili za mraba 25 kwa Sultani Ahmed wa Witu, yule aliyeitwa Simba, na kabla ya mwezi wa pili kuisha Ujerumani ilikuwa imetangaza ulinzi wake juu ya Witu. Tano, wenyeji wa misitu ile, Waaweer, wanaoitwa pia Waboni, waliishi kwa asali na uwindaji. Vita vya shifta vya miaka ya 1960 viliwatoa msituni vikawapanga vijijini, na lile katazo la 1977 likawageuza wahalifu kwa kupika kitoweo. Mtu akisema ardhi fulani pale ni "tupu", nataka kujua alimuuliza nani.

Sasa jambo la nne, hii kuendeleza, ndilo fani yangu. Tulikwenda kuiona ardhi yenyewe mwezi wa Juni, kupita Hindi, mvua za masika zikimalizikia: kijana wa Texas, dalali, mimi, na mzee wa Kiaweer aliyetuongoza. Kijana alikuwa na daftari. Alitaka nimwonyeshe pa kuchimba visima vitatu, pa kuweka mawe ya chumvi, na pa kupitisha uzio wa umeme. Nikaanza kumweleza kuhusu maji, na hapo mbele yetu akatokea topi.

Nisamehewe, maana mpango wangu wa kurasa mbili mbili unaishia hapa.

Topi ni jina la Lamu. Mjerumani Gustav Fischer, aliyezunguka Witu na Tana ya chini, ndiye wa kwanza kuliandika, miaka ya 1880, kama alivyolisikia kwa watu wa huku, na kutoka kwake likaingia vitabuni dunia nzima. Mwanafunzi anayesoma London kuhusu topi wa Serengeti anatamka neno la Kiamu bila kujua, na Watanzania wenyewe wanamwita nyamera. Tumeupa ulimwengu jina la mnyama, na bado tunatangaza ranchi kwa picha ya springbok.

Yule wa Hindi alikuwa dume, peke yake, amesimama juu ya kichuguu kwa namna ambayo wenye haraka huiita maringo. Ana sababu. Miguu ya mbele imeinuka, mgongo unateremka kuelekea nyuma, na macho yake yanapata mita moja zaidi ya nyasi. Mwili una rangi ya shaba iliyokolea na mng'ao kama wa hariri; mapajani na mabegani kuna mabaka meusi yenye ubuluu, kama mtu aliyeegemea ukuta mbichi wa rangi; na chini miguu ni ya manjano. Tulikaa nusu saa. Alishuka, akala, akarudi juu.

Nilimwambia kijana aache kutazama pembe, atazame mdomo. Mdomo wa topi ni mrefu na mwembamba. Nyati ana ulimi na mdomo mpana, anakumba fundo zima la nyasi, jani na shina, na tumbo lake kubwa linavumilia. Pundamilia naye anakula hata mashina makavu kwa sababu chakula kinapita kwake haraka, kingi kinaingia, kingi kinatoka. Topi anacheua, chakula lazima kikae mpaka kisagike, kwa hiyo shina gumu ni hasara kwake: linajaza tumbo na halileti kitu. Anachotaka ni jani bichi. Mdomo ule unapenya katikati ya mashina na kuchagua jani mojamoja, kama mama anayechambua mchele. Nyasi zikiwa fupi mno, kama uwanja wa mpira, hawezi kushindana na wanyama wadogo. Zikiwa ndefu na ngumu, hapati jani la kutosha kwa siku. Anataka zile za katikati, mbichi, na anazitaka mwaka mzima.

Hakuna mahali hata pamoja Lamu penye nyasi za namna hiyo mwaka mzima. Bara ya Lamu ni viraka: mbuga za udongo mweusi zinazotuama maji wakati wa masika, matuta ya mchanga yenye mikoma, vichaka vya migunga, kingo za msitu. Mvua zikikolea, mabondeni hujaa maji na topi hupanda matutani, ambako nyasi mpya zimechipua. Kiangazi kikikaza matuta hukauka, nao hushuka kufuata ubichi unaobaki pembezoni mwa vidimbwi maji yakirudi nyuma. Nyati wakitangulia kupunguza nyasi ndefu, topi hufuata nyuma yao kwenye machipukizi. Moto ukipita mahali, baada ya wiki chache watakuwapo. Kwa hiyo ukimuuliza topi ranchi yake ni kubwa kiasi gani, atakuambia inaanzia mahali penye jani bichi mwezi wa Februari na kuishia mahali penye jani bichi mwezi wa Mei, na kati ya hapo na hapo kuna mipaka ya watu sita.

Ndiyo maana uzio uliomo kwenye daftari la kijana ungewaua. Uzio una mahali pake. Ishaqbini, huko kwa hirola, jamii yenyewe na washirika wao walizungushia kilomita za mraba 27 mwaka 2012, wakaingiza hirola 48, simba na fisi wakabaki nje, na idadi ikapanda. Lakini ile ni wodi ya wagonjwa mahututi, yenye walinzi na watu wanaohesabu kila ndama. Kuchukua mfano wa wodi na kuujengea ranchi ya biashara ni kama kuona mtu kapona kwa dripu ukaamua familia yote iache kula ugali.

Na maji? Topi akiwa na jani bichi anaweza kukaa muda mrefu bila kunywa. Kisima hakimhusu sana. Kinawahusu nyati, ndovu na ng'ombe wa jirani, ambao watakuja wote, wakae, wale na kukanyaga kila kitu kwa mwendo wa nusu saa kuzunguka birika. Tsavo katika ukame wa 1970 na 1971 ndovu walikufa kwa maelfu, wengi wao majike na watoto wao, na hawakufa kwa kiu. Walikufa kwa njaa karibu na maji, kwa sababu waliogopa kuyaacha, na karibu na maji hapakuwa na chakula tena. Kila nikisoma "maji ya mwaka mzima" kwenye tangazo la wanyamapori, huwa naona mizoga ile.

Kijana akaguswa na kitu shingoni, akapiga kofi. Mbung'o. Akaandika kwenye daftari: kupulizia dawa.

Nilimwomba afute. Misitu na vichaka vya Lamu vina mbung'o wa aina zaidi ya moja, nao hubeba vijidudu vya nagana, ugonjwa unaomkondesha ng'ombe mpaka aanguke. Topi, nyati na kuro wana vijidudu hivyohivyo mwilini na wanaendelea na shughuli zao. Kwa vizazi wafugaji wa Kiorma na Kisomali wameleta ng'ombe kiangazi, mbung'o wanapopungua, na kuwaondoa mvua zikianza. Kalenda hiyo ndiyo iliyobakisha nyasi. Mfugaji ana haki ya kumchukia mbung'o na serikali ina haki ya kumpiga vita kwa ajili yake. Ila mtu anayesema ananunua ardhi kwa ajili ya wanyamapori, halafu anaanza kwa kumuua mdudu aliyewalinda kwa bure, ajue anachofuga ni ng'ombe wa watu wengine.

Nilikuwa nimeahidi pia kusema juu ya faida halali. Sheria inaruhusu hifadhi za binafsi na za jamii, kambi za watalii, utafiti, na ufugaji wa aina fulani za wanyama kwa leseni: mamba, mbuni, kanga, konokono. Na kware. Wakenya hatujasahau mwaka 2013 na 2014, pale nchi nzima ilipofuga kware kwa leseni ya KWS kwa sababu mtu alisema mayai yao yanatibu kisukari, pumu, shinikizo la damu na nguvu za kiume. Hayatibu. Ni mayai. Bei iliporomoka mara kila nyumba ilipokuwa na kizimba, na mwisho wake watu walikula mtaji.

Huwezi kuwalaumu waliouza kware na kuwaacha wasomi. Mnunuzi mwingine, mwenye shahada mbili, aliniuliza kama ardhi aliyoitaka ina kakakuona, kwa kuwa kakakuona ni baraka na hutabiri mwaka. Mnajua mambo yenyewe: mnyama anakamatwa, anawekewa mundu, maji, nafaka, watu wanamzunguka, akielekea kwenye maji basi mvua, akielekea kwenye mundu basi vita. Mnyama aliyezungukwa na watu hamsini anatafuta pa kutokea. Hatabiri chochote ila kifo chake, maana mara nyingi hafiki jioni. Tangu mwaka 2016 nchi zilizotia saini mkataba wa CITES zimekubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya aina zote nane za kakakuona, kwa sababu magamba yake, ambayo yametengenezwa kwa kitu kilekile cha kucha zako, yanasagwa kuwa dawa. Mwenye kuamini dawa hiyo atafune kucha zake, hazina leseni.

Jioni ile tulitembea mpaka kwenye kichuguu, topi akiwa ameshaondoka. Dalali alifurahi, kwa sababu juu ya kichuguu, katikati kabisa, palikuwa na jiwe la mpaka la saruji lenye namba, naye alikuwa akilitafuta tangu asubuhi. Kulizunguka palikuwa na samadi, kavu chini na mbichi juu, tabaka kwa tabaka. Dume la topi hutia alama eneo lake hivyo, mahali palepale, siku baada ya siku. Kijana alimuuliza mzee, "Mzee wangu, huyu mnyama ni wa upande huu au upande ule?" Mzee aliitazama samadi, akamtazama kijana, akaniuliza mimi kwa sauti ya chini kama huyu bwana ameshalipa.

Alikuwa hajalipa, na hakulipa. Dalali hakunikasirikia. Kabla ya kuondoka aliomba nimtumie picha moja ya yule topi, ya kumbukumbu, nami nikamtumia nzuri kuliko zote: kifua mbele, jua ubavuni, na ukiangalia vizuri unaiona saruji ya jiwe la mpaka kati ya kwato zake.

Wiki iliyofuata tangazo jipya liliingia kwenye simu yangu. Springbok ameondolewa, topi wangu ndiye aliye juu. Maneno ni yaleyale: ranchi ya uwindaji, maji ya mwaka mzima, bei maelewano.